Laini ya pili ilikuja kuokoa hela, sasa inazila

Ngamiani, Tanga, kuna fundi seremala ambaye mlango wa karakana yake una namba tatu za simu zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Ya juu imetanguliwa na neno "Celtel", jina la zamani la Airtel. Ya kati imeandikwa "Voda". Ya chini ilikuwa "Buzz", ikapakwa rangi, juu yake ikaandikwa "Tigo", na tangu mtandao huo ulipobadili jina kuwa Yas mwishoni mwa 2024 fundi hajashika tena kopo la rangi. Milango ya namna hiyo iko kila mji: kwa mafundi makenika, kwenye vibanda vya cherehani, ubavuni mwa matoroli ya mbao. Mteja alikuwa anasoma, anachagua namba ya mtandao wake, anapiga. Kumpigia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa gharama ambayo mtu wa kawaida hakuibeba bila sababu kubwa.

Nilipomuuliza anatumia ipi kati ya hizo tatu, alitoa simu kwenye mfuko wa shati la kazi. Simu moja, kioo kimepasuka pembeni, ndani yake laini mbili. Ya tatu ameifunga kwenye kipande cha risiti, iko kwenye pochi. Zote zake, zote zimesajiliwa kwa jina lake. Na bando ananunua laini ipi?

"Pale hela ilipo, kaka. Wa kitanda akilipa huku, nanunua huku. Wa mlango akilipa kule, nanunua kule."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi mwenyewe kwa miaka bila kulitamka. Tunabeba laini mbili kwa mazoea ya enzi ambapo laini ya pili ilikuwa inaokoa hela kila siku. Enzi hiyo imepita. Kazi ya laini ya pili imebadilika kabisa, lakini mkono wetu bado unanunua kama vile tuko 2009, na hapo ndipo hela inapovujia.

Tuanzie ilikotoka. Mobitel, waliokuja kuitwa Buzz na kisha Tigo, walianza kuuza huduma ya simu za mkononi nchini 1994, Vodacom wakaingia 2000, Celtel 2001. Kila mtandao ulikuwa kisiwa chake. Ukipiga ndani ya kisiwa, bei ilivumilika. Ukivuka, ulilipia daraja. Daraja lenyewe ni malipo ambayo mtandao wa anayepiga huulipa mtandao wa anayepokea kwa kila dakika, na kabla ya Machi 2013 malipo hayo hapa Tanzania yalikuwa zaidi ya shilingi 100 kwa dakika. Fikiria maana yake. Hata mtandao wako ungekuwa na huruma kiasi gani, usingeweza kukuuzia dakika ya kwenda mtandao mwingine kwa shilingi 60, kwa sababu kabla haujaingiza senti yoyote ya kwake tayari unadaiwa zaidi ya hiyo na jirani.

Ndiyo maana watu walikuwa na laini mbili muda mrefu kabla ya kuwa na simu za laini mbili. Tulikuwa tunabadilisha kwa kucha: unafungua mfuniko wa nyuma, unatoa betri, unasukuma kichipu kwa ukucha, unaingiza kingine, unawasha, unasubiri. Ukifanya hivyo ndani ya daladala, kichipu kikidondoka chini ya kiti, namba na majina yote uliyohifadhi humo yamekwenda. Wengine walitembea na simu mbili kiunoni. Na waliobaki walibipu, wakaomba Mungu mwenye salio awapigie.

Waliolielewa tatizo hili mapema hawakuwa watengenezaji wakubwa wa wakati huo. Transsion, kampuni yenye Tecno, itel na Infinix, ilianzishwa 2006 na Zhu Zhaojiang, Mchina aliyekuwa amezunguka sana Afrika akiuza simu za kampuni nyingine. Ilielekeza nguvu zake bara hili na kutuletea simu za laini mbili kwa bei ya watu wa chini. Nokia, iliyokuwa mfalme wa simu Afrika nzima, ilitangaza simu zake za kwanza za laini mbili mwaka 2010, wakati Kariakoo kule Aggrey simu za Kichina za laini mbili, hata tatu, zilikuwa zimeshapangwa mezani zamani. Simu ya laini mbili ilikuwa jibu la bei ya daraja lile. Mwenye nayo alikuwa na visiwa viwili mfukoni, na aliokoa hela kweli.

Kisha daraja likaanza kushuka. Machi 2013 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, iliweka shilingi 34.92 kwa dakika. Kufikia 2017 ilikuwa 26.96. Mwaka 2018 ikakatwa hadi 15.60, ikaendelea kupungua mwaka hadi mwaka mpaka kufika shilingi 2 mwaka 2022. Kutoka zaidi ya 100 hadi 2 katika miaka isiyofika kumi. Ukitaka kuona matokeo yake, piga menyu ya vifurushi ya mtandao wowote leo: dakika nyingi ni za "mitandao yote". Mtoto aliyezaliwa 2013 hajui hata kwa nini mjomba wake anauliza "uko mtandao gani?" kabla ya kupiga.

Kwa hiyo, kwa hesabu ya kupiga simu peke yake, laini ya pili ilitakiwa iwe imekufa. Haikufa. Mwishoni mwa 2023 takwimu za TCRA zilionesha laini zipatazo milioni 70, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 na humo wamo watoto wachanga. Laini ya pili ilipata kazi nyingine, na kazi hiyo ni pesa.

M-Pesa ilianza Tanzania 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Tigo Pesa ikafuata 2010, Airtel Money nayo ikaja, halafu HaloPesa. Laini ikageuka mkoba, ikawa pia pa kukopea, na baadaye ikawa namba ambayo benki, shule ya mtoto, kikoba na ofisi ya mikopo wanaitambua. Mtu mwenye laini mbili sasa ana mikoba miwili iliyo wazi saa ishirini na nne, na kila mkoba una duka ndani yake. Ukipokea elfu ishirini kwenye mkoba huu, menyu ya vifurushi iko vidole vitatu mbali. Hutatuma kwanza hela kwenye mkoba mwingine ukatwe ada, ndipo ununue bando kule. Utanunua hapohapo. Fundi wa Ngamiani alisema kweli tupu: bando linanunuliwa pale hela ilipo, hata kama upande wa pili una bando ambalo halijaisha.

Mwezi mmoja niliamua kujipima. Sikutumia programu yoyote ya hesabu. Nilifungua ujumbe wa uthibitisho wa manunuzi kwenye laini zote mbili, nikachukua daftari la mwanangu la hesabu, lile la miraba, nikaandika tarehe, saa, kiasi na laini. Mistari thelathini na moja. Kumi na saba laini ya kwanza, kumi na minne laini ya pili. Jumla shilingi 41,500. Mimi niliyekuwa nikiwaambia watu kwamba sitaki bando la mwezi kwa sababu elfu thelathini ni hela nyingi kutoa mara moja.

Kiasi kiliniuma, lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa ile safu ya saa. Mara tisa kati ya hizo thelathini na moja nilinunua kwenye laini moja wakati laini nyingine ilikuwa bado na MB au dakika zilizo hai. Jumatano moja nilijiunga asubuhi saa mbili na nusu kwenye laini ya kwanza, kifurushi cha saa 24. Saa kumi jioni mteja akanilipa kwenye laini ya pili, nikajiunga huko, nikahamishia data huko. Kile cha asubuhi kikafa kesho yake na nusu yake haijaguswa. Hakuna aliyeniibia. Nilimwaga mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa na vyungu viwili na sikuwa na mazoea ya kuchungulia kimoja kabla ya kujaza kingine.

Na hela hiyo inapomwagika haimwagiki ya mtandao peke yake. Tanzania Bara huduma ya simu inabeba ushuru wa bidhaa wa takriban asilimia 17, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ukiifanya hesabu kinyumenyume, katika kila elfu moja unayojiungia, takriban shilingi 275 ni kodi kabla hujafungua hata picha moja. Kifurushi kinachokufa nusu kimeshalipiwa kodi yake yote. Katikati ya 2021 tuliongezewa tozo ya laini, kulingana na uwezo wa mtu kuongeza salio, pamoja na tozo ya miamala iliyoanzia shilingi 10 hadi 10,000. Nakumbuka wiki zile watu walianza kuhesabu laini zao kwa mara ya kwanza. Mama mmoja muuza mbogamboga alitoa laini ya pili kwenye simu, akaifunga kwenye upindo wa khanga pamoja na chenji zake. Makato yanapoonekana, mtu hukunja mkono. Haya ya bando linalokufa hayaonekani, hayana ujumbe unaosema "umepoteza shilingi 430".

Hapa lazima niseme jambo kwa haki. Ushauri wa mjini wa "nunua bando la mwezi, ni nafuu" ni wa kweli kwa MB moja moja, lakini hauna maana kwa mtu anayepata hela yake kwa siku. Bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni anabaki na elfu saba, na humo mna unga, mafuta ya kesho na dawa ya mtoto. Hawezi kutoa elfu thelathini asubuhi ya tarehe moja. Kipato cha siku hununua bando la siku, kama kinavyonunua sukari ya kupimiwa na mafuta ya kula ya kidogokidogo. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba mtu wa kipato cha siku ndiye mwenye haki ndogo zaidi ya kununua mara mbili. Mwenye mshahara akimwaga bando la elfu moja hatalikumbuka. Yeye amemwaga nauli.

Basi dawa ya kwanza haihitaji hela yoyote. Ni kuamua kila laini ina kazi gani, na kuisimamia. Mimi nimegawa hivi: laini ya kwanza ndiyo pekee inayonunua bando, data na dakika zote ni za kwake. Laini ya pili inapokea. Inapokea simu, inapokea hela, inapokea ujumbe wa benki, na haijiungi na kifurushi chochote hata mkoba wake ukiwa umejaa. Hela ikiingia kule na ninataka bando, nasubiri, au natumia hela hiyo kulipia kitu kingine kwa lipa namba, kisha bando nalitoa kwenye mkoba wa laini ya kwanza. Mwezi uliofuata daftari lilikuwa na mistari kumi na miwili, na jumla 24,000. Ndugu yangu niliyemweleza alisema hilo ni jambo dogo sana. Ni dogo kweli. Lakini shilingi 17,500 kwa mwezi ni mfuko wa saruji, na kwa mwaka ni bati kadhaa za nyumba ambayo wengi wetu tunajenga kwa awamu.

Simu nayo inahitaji kuambiwa, maana usipoiambia itaamua yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya laini. Utakuta maswali matatu: data itumie laini ipi, simu zitoke kwa laini ipi, ujumbe utoke kwa laini ipi. Kwenye simu wengi wetu tumeacha "uliza kila mara", na hilo linafaa kwa mtu makini, lakini ukiwa umepakia mzigo begani na kidole kimoja ndicho kiko huru, unabonyeza chochote kilicho karibu, na kilicho karibu kinaweza kuwa laini isiyo na dakika. Chagua laini moja kabisa.

Kisha kuna swichi nyingine, ndogo, chini kabisa, ambayo kwenye simu nyingi za Android inasema kitu kama kubadili data kiotomatiki. Hii niliijua kwa maumivu. Nilikuwa safarini kutoka Tanga kwenda Dar, laini yangu ya bando ikapoteza mnara baada ya Segera, na simu, kwa nia njema, ikahamia laini ya pili. Laini ya pili haikuwa na bando. Ilikuwa na salio la shilingi 6,000 nililokuwa nimeliweka kwa dharura. Simu ikaendelea kupakua picha za makundi ya WhatsApp na kusasisha programu kwa bei ya kawaida mpaka Chalinze. Nilipotaka kupiga, salio lilikuwa shilingi 11. Nilipiga huduma kwa wateja nikiwa na hasira, nikaambiwa matumizi yalikuwa halali, na kwa kweli yalikuwa halali. Zima swichi hiyo. Ukikosa mnara, heri ukae bila intaneti nusu saa.

Kuna gharama nyingine ambayo haiko kwenye menyu yoyote, na kwa fundi, dalali, au mama lishe anayepokea oda kwa simu, ndiyo kubwa kuliko zote. Simu nyingi za laini mbili, hasa za bei ya chini, zina redio moja inayogawana laini zote. Zinapokuwa zimetulia, laini zote zinasubiri. Ukianza kuongea kwa moja, nyingine inanyamaza kabisa, na anayekupigia kule anaambiwa namba haipatikani. Hajui kwamba unaongea. Anadhani umezima, au umekimbia na pesa zake za kitanda. Fundi wangu wa Ngamiani alikuwa hajui hili. Nilimwomba aongee na mke wake kwa laini ya kwanza, mimi nikapiga ya pili nikiwa nimesimama mbele yake. Alipoisikia ile sauti ya "haipatikani" kwenye simu yangu, na simu yake ameishika mkononi inawaka, alikaa kimya. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana yule wa Pongwe alikwenda kwa mwingine."

Njia ipo: ukiwa kwenye laini ya pili, piga **62* ikifuatiwa na namba ya laini ya kwanza na alama ya reli (#), halafu fanya vivyo hivyo upande wa pili. Simu ikikosa kupatikana kwenye laini moja inaelekezwa kwenye nyingine. Kumbuka tu kwamba kipande kile cha kuelekeza kinalipiwa na mwenye laini iliyoelekeza, kwa hiyo weka salio kidogo na usiiwashe kwa namba ambayo inapigiwa na kila mtu asiye na shughuli.

Sisemi kila mwenye laini mbili anakosea. Kuna sababu za kweli. Mwalimu aliyepangiwa kijiji ambacho mnara pekee ni wa mtandao mmoja, na familia yake iko mjini kwa mtandao mwingine, hana hiari. Wapo wanaotenga namba ya biashara na namba ya nyumbani, na hao nawaunga mkono kabisa, kwa sababu mteja anayepiga saa tano usiku kuulizia bei ya kabati anaharibu usingizi wa nyumba nzima. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp wenyewe wameruhusu akaunti mbili kwenye simu moja ya Android, kila moja na namba yake, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kupakua zile WhatsApp za kienyeji zisizo rasmi ambazo zimewagharimu watu akaunti zao. Na wenzetu wa Namanga, Tunduma na Mutukula wanaoishi mguu mmoja huku na mwingine kule, laini mbili za nchi mbili ni chombo cha kazi kama mizani.

Tahadhari moja kwa wanaoamua kuiacha laini ya pili ife: usiifanye ife kimyakimya. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba yake hugawiwa mtu mwingine. Kama benki bado inatuma namba za siri kule, kuna mgeni anazisoma. Kama kikoba kinatuma marejesho kule, ndiyo hayo. Ondoa kwanza namba hiyo kila mahali, toa hela, ndipo uifunge rasmi. Na ukiwa hapo piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Wengi walisajiliwa kwa haraka wakati wa foleni za alama za vidole, kuelekea mwisho ule wa Januari 20, 2020, na wapo waliokuja kukuta laini wasiyoijua. Laini ya jina lako ikituma watu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", anayetafutwa kwanza ni wewe.

Lakini swali ambalo haliniachi ni hili: kwa nini mzigo wote wa kusimamia tumwachie mtumiaji? Machi 2017 Tanzania ilianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Kenya waliianzisha 2011. Kote kuwili ilitarajiwa kwamba mtu asiyeridhika atahama na mitandao itagombania wateja kwa bei. Kenya ilionekana mapema kilichokwamisha: namba inahama, mkoba hauhami. Mtu wa M-Pesa hawezi kuondoka na M-Pesa yake. Hapa kwetu ni hivyohivyo. Unahama na namba, unaacha nyuma salio ulilotakiwa kulitoa kwanza, historia yako ya kukopa, na yale mazoea ya wateja kuona jina lako likitokea kwenye mkoba fulani. Badala ya kuhama, mtu ananunua laini ya pili. Ndiyo kusema laini ya pili ni kuhama kulikoshindikana.

Na kuna kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa na TCRA mwaka 2021, zile zilizoambatana na bei mpya za Aprili 2 ambazo Serikali ilizisitisha siku ileile baada ya watu kupiga kelele. Bei zilichukua macho yetu yote, na ndani ya kanuni zile kulikuwa na mambo mazuri ambayo wengi hawayatumii mpaka leo: haki ya kuhamishia mtu mwingine kifurushi chako, haki ya kuendelea na kilichobaki ukijiunga tena kabla muda haujaisha, na kutoingizwa kwenye bei ya kawaida bila ridhaa yako. Zitumie. Lakini angalia kasoro yake kwa mtu wa laini mbili. Naweza kumpa MB zangu mtu wa Mwanza nisiyemjua, mradi yuko mtandao mmoja nami. Siwezi kuzivusha sentimita mbili kutoka laini ya kwanza kwenda laini ya pili ndani ya simu yangu mwenyewe. Kama daraja la sauti liliweza kushushwa kutoka shilingi zaidi ya 100 hadi 2 kwa maamuzi ya mamlaka, daraja la mikoba na vifurushi nalo linaweza kushushwa. Hela kuvuka kati ya mikoba ya mtu mmoja mwenye kitambulisho kimoja cha NIDA haipaswi kukatwa ada sawa na hela anayomtumia mtu mwingine. Hilo moja tu lingemwezesha fundi kununua bando mahali pamoja.

Nilikaa naye karakanani karibu saa nzima, vumbi la mninga likituangukia. Tukazima ile swichi ya data, tukaelekeza simu, akachagua laini ya Voda iwe ya bando na ile ya Tigo ya zamani iwe ya kupokea. Tukabaki na ya Celtel, ile ya kwenye pochi. Nilimshauri aiage tu, atoe kilichomo, aifunge. Akainuka, akageuza ubao wa kichwani wa kitanda kilichokuwa kinasubiri msasa. Nyuma yake kulikuwa na namba ile ile, imechomwa kwa chuma cha moto.

"Hii nimeichoma kwenye kila kitanda tangu mwaka 2005," alisema. "Mwaka jana amenipigia mtu wa Korogwe, kitanda cha marehemu baba yake, mguu umevunjika. Nikiifunga atanipataje?"

Kwenye kabati la misumari alikuwa na kitochi cha zamani, betri bado nzima. Tukaitia humo, akaweka salio la shilingi 500, akakitundika kwa kamba kwenye msumari karibu na dirisha ambako mnara unashika vizuri. Bando haihitaji.